Mkojo Usiozuilika Baada ya Kujifungua: Tatizo Lenye Tiba Linalofichwa Majumbani

Mama anapojifungua salama, majirani humiminika nyumbani kwake wakiwa na uji, kuni na pongezi. Huuliza kama mtoto ananyonya, kama kitovu kimekauka, na kama mzazi ameanza kupata nguvu. Liko swali moja ambalo karibu halisikiki kabisa: je, mama anaweza kuuzuia mkojo wake? Kwa kuwa swali haliulizwi, mama naye hanyanyui mdomo. Hubadili kanga mara kwa mara, hukaa mbali na wenzake kanisani, msikitini au kwenye kikao cha vikoba, na hujiambia kwamba huenda hayo ndiyo malipo ya uzazi.

Makala haya yameandaliwa kwa ajili ya wakazi wa Somanda na kata jirani, ili kueleza kwa nini mkojo huvuja baada ya kujifungua, namna ya kutofautisha hali ya kawaida na hali ya hatari, mambo ambayo mama anaweza kuyafanya akiwa nyumbani bila gharama yoyote, na wakati gani asisubiri hata siku moja kabla ya kufika kwenye kituo cha kutolea huduma. Yanawahusu akina mama, na vilevile yanawahusu waume, mama wakwe na viongozi wa mitaa, kwa sababu mara nyingi wao ndio wanaoamua kama mama ataondoka nyumbani kwenda kutibiwa au la.

Ni tatizo la wengi

Tafiti zilizofanywa katika nchi mbalimbali zinaonyesha kwamba takriban mwanamke mmoja kati ya watatu huvuja mkojo kwa kiasi fulani katika miezi ya mwanzo baada ya kujifungua. Kwa hiyo, wakiketi wazazi tisa kwenye benchi la kliniki ya mama na mtoto, inatazamiwa kwamba watatu kati yao wana tatizo hili, ingawa kila mmoja anaweza kudhani kuwa yuko peke yake.

Wengi wao hupata nafuu katika wiki na miezi inayofuata, hasa wakielekezwa mazoezi sahihi. Hata hivyo, wapo ambao wasipofanya lolote tatizo huendelea kwa miaka, na huongezeka kila wanapopata mimba nyingine. Wapo pia wachache ambao kuvuja kwao ni dalili ya jeraha kubwa linalohitaji upasuaji. Mama hawezi kujua yuko katika kundi lipi kwa kukaa kimya. Wahenga walisema kwamba mficha uchi hazai, na katika jambo hili tunaweza kuongeza kwamba aliyekwisha kuzaa naye hapaswi kuficha.

Kibofu hufanyaje kazi?

Kibofu cha mkojo ni mfuko wa nyama ulio chini ya tumbo, nyuma ya mfupa wa mbele wa nyonga. Mkojo hutengenezwa na figo, hushuka kidogo kidogo na kukusanyika humo. Chini ya kibofu kuna mrija mfupi wa kutolea mkojo, na mrija huo huzungukwa na misuli inayoufunga kama kamba inavyofunga mdomo wa gunia. Chini ya yote hayo kuna tabaka la misuli lililotandazwa kutoka mfupa wa mbele hadi mfupa wa mkia. Tabaka hilo huitwa misuli ya sakafu ya nyonga, nalo hubeba kibofu, mfuko wa uzazi na utumbo wa haja kubwa.

Kwa muda wa miezi tisa, misuli hiyo hubeba uzito wa mtoto, kondo na maji ya uzazi. Vichocheo vya mimba huilegeza ili mtoto apate njia. Wakati wa kujifungua hunyooshwa kupita kiasi chake cha kawaida, na mara nyingine huchanika. Mishipa ya fahamu inayoiamrisha nayo huweza kubanwa. Ndiyo maana mama aliyetoka kujifungua anaweza kukohoa au kucheka, na kabla hajajua lililotokea, nguo imelowa. Kamba ya gunia imelegea, lakini haijakatika.

Hatari ya kuvuja huwa kubwa zaidi kwa mama aliyepata uchungu wa muda mrefu, aliyezaa mtoto mwenye uzito mkubwa, aliyechanika sana, aliyevutwa mtoto kwa kifaa, au aliyezaa mara nyingi. Mama aliyejifungua kwa upasuaji hupungukiwa na hatari hiyo, lakini hakingwi kabisa, kwa kuwa mimba yenyewe huielemea misuli hata kabla ya siku ya kujifungua.

Aina nne za kuvuja

Si kila kuvuja ni sawa. Mama anayeweza kueleza mkojo wake unatoka lini na namna gani humrahisishia mhudumu kazi kwa kiasi kikubwa.

Aina ya kwanza ni kuvuja kwa msukumo. Mkojo hutoka mama anapokohoa, anapopiga chafya, anapocheka, anapoinua ndoo au anapotwanga. Hii ndiyo aina inayoonekana zaidi baada ya kujifungua, na ndiyo inayosikia mazoezi kuliko zote.

Aina ya pili ni kuvuja kwa haraka. Mama hushikwa na haja ya ghafla, akakimbia, lakini mkojo humtangulia kabla hajafika chooni. Hapa kibofu hujikaza bila kuamriwa. Mara nyingine chanzo ni maambukizi katika njia ya mkojo, hasa pale panapoambatana na maumivu ya kukojoa, mkojo wenye harufu kali au homa. Maambukizi hayo hutibiwa kwa dawa baada ya mkojo kupimwa.

Aina ya tatu ni kufurika. Kibofu kimejaa lakini hakitoi mkojo ipasavyo, hivyo matone hudondoka kama maji yanavyomwagika kwenye ndoo iliyojaa pomoni. Mama huhisi tumbo la chini limevimba, lakini kila akienda chooni hutoka kidogo tu. Hali hii hujitokeza zaidi katika saa na siku za kwanza baada ya kujifungua.

Aina ya nne ni kuvuja kusikokoma, mchana na usiku, akiwa amelala au amesimama, bila mama kuhisi haja yoyote. Hii ni dalili ya fistula ya uzazi, yaani tundu lililotoboka kati ya kibofu na uke. Aina hii haiponi kwa mazoezi wala kwa mitishamba. Tutaieleza kwa kirefu mbele.

Saa za kwanza baada ya kujifungua

Mama anapaswa kukojoa ndani ya saa 6 tangu kujifungua au tangu kuondolewa mpira wa mkojo. Kibofu kilichobanwa wakati wa uchungu huweza kupoteza hisia kwa muda, kikajaa bila mama kuhisi chochote. Kikiachwa kijae kupita kiasi, misuli yake hunyooshwa na huweza kuchelewa kurudi katika hali yake. Kwa hiyo, mama aliye wodini asiyepata mkojo ndani ya muda huo amweleze mkunga mara moja, wala asione haya. Mkunga anaweza kumsaidia kuketi vizuri, kumpa faragha, na ikibidi kumwekea mpira kwa muda ili kibofu kipumzike.

Ndugu wanaomhudumia mgonjwa nao wanaweza kusaidia kwa kuuliza swali jepesi: "Mama, umeshapata haja ndogo?" Swali hilo lina umuhimu uleule wa kuuliza kama amekunywa uji.

Mazoezi ya misuli ya nyonga

Mwaka 1948 daktari Mmarekani, Arnold Kegel, aliandika kuhusu mazoezi ya kukaza misuli ya nyonga kwa wanawake waliolegea baada ya kujifungua. Tangu wakati huo mazoezi hayo yamefanyiwa utafiti katika nchi nyingi, na hadi leo ndiyo tiba ya kwanza inayopendekezwa kwa kuvuja kwa msukumo. Hayahitaji kifaa, chumba maalumu wala fedha.

Kwanza, mama aitambue misuli yenyewe. Aketi au alale chali akiwa amekunja magoti, kisha ajikaze kana kwamba anazuia hewa isitoke kwenye njia ya haja kubwa na wakati huohuo anazuia mkojo usitoke. Atahisi sehemu za siri zikivutwa kwenda juu na ndani. Tumbo, mapaja na makalio yasikazwe, wala pumzi isizuiwe. Akiona tumbo linajitokeza au anasukuma kwenda chini, ajue amekosea, aanze upya.

Pili, akishaitambua, akaze na kushikilia huku akihesabu polepole hadi 5, kisha alegeze na kupumzika kwa muda uleule. Arudie mara 8 hadi 10. Siku za mwanzo huenda akaweza kuhesabu hadi 2 au 3 tu. Hilo si kosa, aongeze kidogo kidogo hadi afikie 10.

Tatu, baada ya mikazo hiyo mirefu, afanye mikazo 10 ya haraka, akikaza na kulegeza papo hapo. Mikazo mirefu huipa misuli ustahimilivu, na ile ya haraka huifundisha kuwahi pale kikohozi au chafya inapokuja ghafla.

Nne, afanye hivyo mara 3 kila siku kwa muda usiopungua miezi 3. Wengi hukata tamaa katika wiki ya pili kwa sababu hawaoni mabadiliko, ilhali misuli huhitaji wiki kadhaa kabla haijaonyesha tofauti. Njia rahisi ya kutosahau ni kuyaambatanisha na kazi ambayo hairuki siku, kwa mfano kila anapoketi kumnyonyesha mtoto.

Mama anaweza kuanza taratibu siku chache baada ya kujifungua, mara tu anapokojoa vizuri na asiposikia maumivu. Aliyeshonwa aanze kwa mikazo miepesi. Aliye na mpira wa mkojo asubiri hadi uondolewe.

Tahadhari moja inahitajika. Baadhi ya watu hushauri kukatisha mkojo katikati kila unapokojoa kama sehemu ya mazoezi. Kufanya hivyo mara moja ili kuitambua misuli hakuna ubaya mkubwa, lakini kukifanya kuwa desturi kunaweza kukizoeza kibofu kubakiza mkojo, na mkojo uliobaki hualika maambukizi.

Misuli ikishaanza kupata nguvu, mama ajizoeze kuitumia wakati wa shida: akihisi chafya inakuja, au kabla hajainua ndoo, akaze kwanza ndipo apige chafya au ainue. Ni kama kufunga mlango kabla upepo haujavuma.

Kunywa maji na kwenda chooni

Akina mama wengi wanaovuja hupunguza maji ya kunywa wakidhani watapunguza mkojo. Matokeo huwa kinyume. Mkojo uliokolea huwasha kibofu na kuongeza haja za ghafla, choo kikubwa huwa kigumu, na mama anayenyonyesha hukosa maji ambayo mwili wake unayahitaji sana. Mama anywe maji safi na salama ya kutosha, takriban lita 2 kwa siku, na zaidi wakati wa joto au anapofanya kazi shambani. Kinachofaa kupunguzwa ni chai nzito ya rangi, kahawa na soda, kwa kuwa huchochea kibofu.

Kwa mama mwenye haja za ghafla, kibofu kinaweza kufundishwa upya. Ajiangalie kwa siku 2 au 3 ajue anakwenda chooni kila baada ya muda gani. Ikiwa ni kila baada ya saa 1, ajitahidi kusogeza kwa dakika 10 au 15 zaidi, akitulia na kukaza misuli ya nyonga hadi haja ya ghafla ipungue. Akizoea, aongeze tena. Lengo ni kufika saa 3 hadi 4 kati ya haja moja na nyingine wakati wa mchana. Anapokojoa, asiwe na haraka, aache kibofu kimalizike chenyewe.

Choo kigumu nacho ni adui wa misuli hii, kwa kuwa kujikamua huisukuma chini kila siku. Mboga za majani, maharage, viazi vitamu, mapapai na maji ya kutosha vitamsaidia mama kuliko dawa ya kuharisha.

Kazi za nyumbani

Ndoo ya lita 20 ikijaa maji ina uzito wa kilo 20, bila kuhesabu uzito wa ndoo yenyewe. Kila mama anapoiinua kutoka chini hadi kichwani, msukumo mkubwa hushuka tumboni na kutua juu ya misuli ambayo wiki chache zilizopita ilinyooshwa na kuchanika. Kutwanga, kulima kwa jembe la mkono na kubeba kuni huleta msukumo wa namna hiyohiyo.

Hatusemi kwamba mama asifanye kazi. Tunasema kwamba katika wiki 6 za mwanzo, yaani siku 42 ambazo wahudumu wa afya huzihesabu kuwa kipindi cha baada ya kujifungua, maji na kuni vichotwe na kubebwa na mtu mwingine. Desturi za wazee wetu zilimpa mzazi muda wa kupumzika, na katika jambo hili desturi na utabibu havipingani. Baada ya hapo arejee kazini hatua kwa hatua: aanze na dumu dogo la lita 5, apate msaidizi wa kumtwisha, na mkokoteni au baiskeli vitumike panapowezekana.

Neno moja kuhusu kukandwa. Katika kaya nyingi mzazi hukandwa tumbo kwa maji ya moto. Kukanda hakukazi misuli ya nyonga wala hakuzibi tundu kwenye kibofu, na maji ya moto sana huweza kuunguza ngozi au kumuumiza aliyeshonwa. Mama anayevuja mkojo asiishie kwenye kukandwa akidhani amekwisha kutibiwa.

Usafi na utunzaji wa ngozi

Mpaka nafuu ipatikane, mama ana haki ya kuishi bila harufu wala vidonda. Atumie pedi au vitambaa safi vya pamba vilivyokunjwa, avibadili kila vinapolowa, avifue kwa sabuni na kuvianika juani hadi vikauke kabisa. Ajioshe kwa maji safi na kujikausha taratibu. Sabuni kali, dawa za kuulia vijidudu na vitu vya kuingiza ukeni havifai. Baada ya kujikausha, kupaka mafuta mazito ya mgando mapajani huikinga ngozi isiunguzwe na mkojo.

Fistula: jeraha linalohitaji hospitali

Wakati wa uchungu pingamizi, kichwa cha mtoto hukwama kwenye nyonga na kukibana kibofu dhidi ya mfupa kwa saa nyingi. Damu hukosa njia ya kupita, na nyama iliyobanwa hufa. Kwa kawaida tundu halionekani siku ileile. Nyama iliyokufa hudondoka kati ya siku ya 3 na ya 10, na hapo ndipo mkojo huanza kutoka bila kukoma. Kwa hiyo mama anaweza kuruhusiwa kutoka hospitali akiwa mkavu, kisha akaanza kuvuja akiwa nyumbani kwake. Mara nyingi mtoto naye huwa amefariki, na mama hujikuta akibeba misiba miwili kwa pamoja. Baadhi hupata pia udhaifu wa mguu, wakashindwa kunyanyua unyayo. Fistula inaweza vilevile kusababishwa na jeraha wakati wa upasuaji.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kati ya wanawake 50,000 na 100,000 hupata fistula ya uzazi kila mwaka duniani, wengi wao wakiwa Afrika kusini mwa Sahara na Asia. Hapa nchini, utafiti wa Women's Dignity Project na EngenderHealth uliochapishwa mwaka 2006, ambao mojawapo ya maeneo yake lilikuwa Ukerewe katika kanda yetu ya Ziwa, ulionyesha kwamba wanaopata fistula ni wanawake wa rika mbalimbali, si wasichana wadogo peke yao, na kwamba wengi wao walikuwa wamehudhuria kliniki ya wajawazito. Tunajifunza kwamba kliniki pekee haitoshi. Kinachomwokoa mama ni kufika mapema mahali penye uwezo wa kumsaidia pale uchungu unapogoma kuendelea.

Fistula haitokani na laana, kulogwa, wala uzinzi wa mke au wa mume. Inatokana na kichwa cha mtoto, mfupa na saa zilizopita bila msaada.

Na hapa pana sababu kubwa ya kutochelewa. Tundu dogo likigundulika mapema, mama akiwekewa mpira wa mkojo kwa wiki kadhaa mfululizo ili kibofu kibaki kikavu, baadhi ya matundu hujiziba yenyewe bila upasuaji. Nafasi hiyo hupotea kadiri mama anavyojificha nyumbani. Hata hivyo, aliyechelewa asikate tamaa. Tundu lisilo tata likishonwa na daktari aliyebobea, upasuaji hufanikiwa kwa takriban wanawake 9 kati ya 10. Wapo waliopona baada ya kuvuja kwa miaka mingi. Baada ya upasuaji, mama hushauriwa kuepuka tendo la ndoa na kazi nzito kwa miezi kadhaa, na mimba itakayofuata azalie hospitalini kwa upasuaji.

Huduma hiyo hutolewa na hospitali chache nchini. Iliyo karibu nasi ni Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando, Mwanza. Hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam, hutibu fistula bila malipo, na tangu mwaka 2009 imekuwa ikituma nauli za wagonjwa kwa njia ya M-Pesa kupitia mabalozi wake, ili umaskini wa nauli usimzuie mwanamke wa mkoani kutibiwa. Tarehe 23 Mei ya kila mwaka ni Siku ya Kimataifa ya Kutokomeza Fistula, iliyoanza kuadhimishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2013.

Kinga huanza kabla ya uchungu

Kila kaya yenye mjamzito iwe na mpango wa kujifungua: kituo atakachojifungulia, mtu atakayemsindikiza, usafiri, na akiba iliyowekwa kando. Mjamzito mwenye kimo kifupi sana, aliyewahi kufanyiwa upasuaji, au anayetarajia mtoto wa kwanza akiwa na umri mdogo, aulize mapema kama anafaa kujifungulia hospitali badala ya zahanati.

Uchungu ukifika saa 12 bila mtoto kuzaliwa, mama awe tayari yuko mikononi mwa wataalamu, si njiani wala nyumbani. Mitishamba ya kuharakisha uchungu isitumike, wala mtu asilikandamize tumbo kwa nguvu ili kumsukuma mtoto. Pakitokea dharura, piga namba 115 bila malipo. Huo ni mfumo wa M-mama, ulioanzia katika maeneo ya Sengerema na Shinyanga na kuzinduliwa kitaifa mwaka 2022. Mfumo huo hutuma gari la wagonjwa, na pale lisipopatikana humtumia dereva wa jamii aliyesajiliwa.

Wajibu wa mume na familia

Mama anayevuja mkojo huhitaji mambo matatu kutoka kwa watu wa nyumbani mwake. La kwanza ni kuulizwa kwa upole, faraghani, na mtu anayemwamini. La pili ni kupunguziwa mizigo. La tatu ni nauli na ruhusa ya kwenda kutibiwa bila kungoja pamba iuzwe. Mume anayemsindikiza mkewe kliniki na kuketi naye mbele ya mganga humwondolea nusu ya aibu. Kumhamishia mke kwenye nyumba ya nje, au kumrudisha kwao kwa sababu ya harufu, ni kumwadhibu kwa jeraha alilolipata akikuzalia mtoto.

Mama mkwe naye ana nafasi ya pekee, kwa kuwa neno lake huheshimiwa. Akisema, "Mwanangu, hili lilinipata hata mimi, twende hospitali," atakuwa amefungua mlango ambao hakuna tangazo linaloweza kuufungua.

Pa kuanzia

Miongozo ya Wizara ya Afya humtaka mama aonwe na mtaalamu ndani ya saa 48 baada ya kujifungua, tena kati ya siku ya 3 na ya 7, kati ya siku ya 8 na ya 28, na kati ya siku ya 29 na ya 42. Mahudhurio hayo si ya kumpima mtoto uzito tu. Mama aseme wazi: "Mkojo unanitoka bila kutaka." Kisha aeleze ulianza lini, unatoka wakati gani, na kama unakoma au haukomi. Akiona ugumu kusema mbele ya watu, aombe kuzungumza na muuguzi faraghani, au aanze na mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa mtaa wake. Zahanati ikishindwa, itampa rufaa ya kwenda kituo cha afya au Hospitali ya Somanda, na kutoka hapo ngazi za juu zaidi.

Asisubiri tarehe ya kliniki, bali afike siku hiyohiyo, mama mwenye mojawapo ya dalili hizi:

Mkojo unatoka muda wote bila kukoma.
Hawezi kukojoa kabisa, au tumbo la chini limevimba kwa mkojo.
Ana homa, baridi kali, maumivu ya mgongo ubavuni au damu kwenye mkojo.
Haja kubwa au hewa inatokea ukeni.
Ana ganzi au udhaifu wa miguu.

Mama ambaye hana dalili hizo, ila anavuja kidogo akikohoa au akicheka, aanze mazoezi leo na kulitaja tatizo lake katika hudhurio linalofuata. Akiona miezi 3 imepita bila nafuu, arudi tena, kwa maana ziko tiba nyingine. Na wewe msomaji uliye na mzazi nyumbani, ukimaliza kusoma ukurasa huu, mpe asome au msomee. Huenda akawa amesubiri kwa muda mrefu mtu wa kumuuliza.